Mwaka Niliohesabu Damu kwa Vibanio vya Nguo

Mwezi uliopita, kwenye sendofu ya binti yangu wa kwanza pale Vwawa, mhudumu alipita meza kuu akimimina chai ya tangawizi huku pilau bado inafuka moshi mbele yetu. Alipofika kwa Mama Shani, aliyesafiri kutoka Ujiji na umri wake ule ili akae meza moja na mimi, bibi huyo alifunika kikombe chake kwa kiganja. "Mwanangu, niache nile kwanza," akasema kwa sauti iliyomfikia mpaka mshereheshaji. "Chai yako nitaiita mwenyewe, baadaye sana." Vijana wa meza ya jirani walicheka wakidhani ni mambo ya uzee. Mimi nami nikafunika kikombe changu. Tulitazamana, tukaangua kicheko mpaka kilemba chake kikalegea, na binti yangu, amevaa gauni lake la bei mbaya, akatuinamia kuuliza tumepatwa na nini. Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Namweleza sasa kwa maandishi, maana nikisimulia kwa mdomo huwa najisifu kupita kiasi. Nikiandika nitajisifu vilevile, lakini angalau kwa mpangilio.

Mwaka ule nilikuwa mke mpya, mimba yangu ya kwanza ikiwa changa, nikiishi katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya mgahawa wa Mama Shani mjini Tunduma. Mume wangu, Ezekia, alikuwa dereva wa lori la kwenda Kongo. Akiondoka ameondoka, na foleni za mpakani zilimrudisha zikitaka zenyewe. Chumba kilikuwa na kitanda, meza ya plastiki, ndoo mbili na dirisha lililotazama barabara ya malori, kwa hiyo badala ya kuona watu nilizoea kuona matairi. Baridi ya Tunduma mnaijua, ile inayoingia na vumbi lake. Ilipoingia kwangu ilikuta kitu kimoja cha kushindana nacho, nacho ni harufu ya chai ya Mama Shani. Aliichemsha tangu alfajiri kwa tangawizi, iliki na pilipili manga, mpaka ikawa nyekundu iliyokolea, na madereva wa nchi zote waliopaki pale waliijua. Wazambia walimwita kutoka barabarani, "Bamayo, mulishani! Chai!" yaani mama, hujambo, naye akawajibu "Bwino, njooni!" bila kugeuka, akisukuma chapati. Mama Shani hakuuza chai tu, aliiamini. Kwake kila kilicho chekundu kiliongeza damu: rozela, biitiruti, soda nyekundu, na juu ya vyote chai yake. "Angalia rangi hiyo," alikuwa akiniambia akiniletea kikombe kikubwa cha bati. "Rangi kama hiyo itakwenda wapi kama si kwenye mishipa?" Nilimwamini. Mtu aliyekupokea mjini kama mwanawe humbishii.

Lakini mwili wangu ulikuwa unanigomea. Nilikuwa nafagia uani nakaa chini katikati ya kazi, moyo unapiga kama nimekimbia. Nilikuwa nasikia usingizi nikiwa nimesimama. Nikaona ni mimba, wanawake wote hulalamika, nami sikutaka kuonekana mlegevu kwenye nyumba ya watu. Kilichonitoa kwenye uzembe huo ni maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Jioni moja, baada ya magharibi, nilikuwa nimejilaza, ukuta ukiwa wa mbao, na Mama Shani alikuwa jikoni na mpishi mwenzake wakichambua mchele. Nikamsikia anasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Yule binti ana rangi ya karatasi, wallahi. Mdogo wangu alikwenda hivyohivyo, akazaa, damu ikatoka, hakuwa na akiba. Huyu akinifia humu ndani, mumewe nitamwambia nini?" Mwenzake akajibu, "Mwongezee chai." Na Mama Shani akasema, "Namwongezea kila siku." Usiku ule sikulala. Kesho yake nilikuwa kliniki kabla mlango haujafunguliwa.

Sista Anyesi, mkunga wa zahanati ile, alikuwa mama mnene wa kutoka Mbozi, mkali mdomoni na mwenye mikono myepesi. Alinivuta kope ya chini, akaguna, akanitoboa kidole. Damu ilikuwa nane na kidogo. "Sisi watu wa Mbozi tuna kimondo kizima cha chuma kimelala pale, watu wanatoka Ulaya kukitazama," akasema, "na wewe mzaliwa wa Hasamba, Mbozi hukohuko, chuma cha kuwekea damu tu kimekushinda?" Nikacheka kwa heshima. Kisha akaacha utani. Alinipa vidonge, akanieleza vyakula: maini, nyama, dagaa, maharage, ulezi, majani ya kijani, na kitu chenye uchachu kama limau au chungwa kusaidia tumbo lichukue kile chuma. Halafu akanieleza lililokuwa mbele yangu. "Mimba ikifika miezi minane hujapita kumi, mimi sikuzalishi hapa. Nakupeleka hospitali kubwa Mbeya ukasubiri huko, na uende na ndugu wa kukutolea damu. Una nani?" Nikaanza kuhesabu kichwani. Ezekia alikuwa njiani, sijui upande gani wa Zambia, na ndugu zangu walikuwa kijijini kwenye mashamba ya kahawa. Nilijua pia, bila yeye kusema, kwamba uchungu ukinishika kabla ya kupelekwa, sina akiba, kama mdogo wake Mama Shani.

Mimi nina ubishi wa kuzaliwa nao. Nikiambiwa sifiki, miguu inawasha. Nilitoka pale nikapita sokoni, kwa wale wanaouza vitu vya kutoka Nakonde, upande wa Zambia, nikanunua vibanio vya nguo vya plastiki, rangi zote. Nikafunga kamba uani, kutoka nguzo ya jiko mpaka dirisha langu, nikajiwekea sheria. Nikila maini, nyama au kapenta, ndivyo tunavyowaita dagaa huku mpakani, natundika kibanio chekundu. Maharage au uji wa ulezi, cha bluu. Majani, cha kijani. Limau au chungwa, cha njano. Jua likizama na rangi moja haipo, naingia jikoni kuitafuta. Binti yangu ana simu inayomwambia amekula nini na ametembea kiasi gani, na anadhani kizazi chake ndicho kilichobuni kujifuatilia. Simu yake haiwezi kutazamwa na uani mzima. Kamba yangu ilitazamwa na wote. Mpishi alipita anauliza, "Leo huna kijani, Mama Kijacho?" Kuna dereva mmoja wa Zambia aliyefua soksi zake akazitundika kwa vibanio vyangu vyekundu, na jioni ile nikajiona nimekula nyama kuliko chifu. Nilimfukuza na soksi zake zikiwa mbichi.

Nilikula kama niliyeajiriwa kula. Majani ya maboga yalikuwa yamejaa kwa mvua, tukayapika na karanga. Kapenta tuliwakaanga na nyanya nyingi, wakiwa bado wanalia kwenye meno. Jumamosi Mama Shani alinitafutia kipande cha maini kabla wapishi wengine hawajaamka. Na kila sahani aliisindikiza kwa kile kikombe cha bati, kikijaa mpaka ukingoni, na mimi nikakinywa chote nikihisi kabisa damu inashuka kwenye miguu. Mwezi ulipokwisha nilikwenda kliniki nikitembea kwa maringo. Sista Anyesi akanitoboa kidole, akasoma, akatoboa kingine. Damu ilikuwa imeshuka. Ilikuwa nane kavu.

Nilikasirika kiasi kwamba machozi yalikauka yenyewe. Nikamweleza kuhusu kamba, vibanio, soksi, kila kitu. Hakunicheka. Alivuta kiti karibu akasema, "Niambie jana. Tangu ulipoamka. Usinipambie, sema ulichotia mdomoni." Akauliza kama nakula udongo kama wajawazito wengi, nikasema hapana. Nikaanza: asubuhi uji wa ulezi na limau. "Na nini?" Na chai. Mchana ugali, maharage, majani. "Na nini?" Na chai. Jioni wali na kapenta. Hakuuliza tena, alikuwa ananitazama tu, nikasema mwenyewe, na chai. "Na vile vidonge nilivyokupa, unavimezea maji?" Nikamwambia Mama Shani alinishauri nimezee chai, viende haraka. Hapo Sista Anyesi aliweka kalamu mezani, akashika meza kwa mikono yote miwili, akacheka mpaka mwenzake wa chumba cha sindano akachungulia. "Mwanangu," akasema akijifuta macho, "unamkaribisha mgeni mlango wa mbele, na mlango wa nyuma umeweka mtu wa kumtoa. Chai inakishika chuma humohumo tumboni, mwili haukipati. Kahawa vilevile. Rangi yake nyekundu ni ya majani, si ya damu. Kunywa chai yako, sikukatazi, lakini ikae mbali na chakula. Ukishakula, pumzika, fua nguo zako, zungumza na watu, ndipo unywe."

Hilo nililielewa kwa dakika moja. Kulisema nyumbani ndiko kulikonitoa jasho. Jaribu kumwambia mwanamke aliyejenga jina lake mjini kwa chai kwamba chai yake ndiyo imekushusha damu. Nilimwambia jioni, akiwa ameshika mwiko. Aliuweka mwiko kando, akasema polepole, "Chai yangu?" Nikasema si chai yake peke yake, ni chai yoyote. Hilo likamuumiza zaidi. "Madereva wa Kongo wananipigia simu wakiwa Kapiri huko Zambia kuniuliza kama chai ipo. Leo sista wa Mbozi anaiita sumu?" Hakuiita hivyo, nikasema. Hakunisikia. Asubuhi alifunga mgahawa, kitu ambacho sikuwahi kukiona hata siku ya mvua ya mawe, akavaa baibui lake jipya, akachukua mwavuli, akanishika mkono tukaenda kliniki. Alitembea mbele yangu kwa hasira, na kila baada ya kitambo alisimama akijifanya anatazama vitu vya madukani. Nilidhani ni mimi ninayesubiriwa.

Sista Anyesi alimwamkia shikamoo kwa adabu, akamsikiliza mpaka mwisho, mambo ya rangi, ya mishipa, ya madereva wa nchi tano. Alipomaliza, sista hakubishana. "Mama," akasema, "naona umekaa kabla sijakukaribisha. Huwa unachoka hivyo ukitembea?" Mama Shani akajibu ni umri, na vumbi, na Tunduma ina milima. "Na chakula chako unakula na nini?" Jibu lilijulikana kwa wote watatu. Alitoa kidole mwenyewe, kwa kiburi, kama mtu anayekwenda kushinda kesi. Damu yake ilikuwa tisa. Sista alimgeuzia kile kipimo akisome mwenyewe. Alikisoma, akakisoma tena. Njia nzima ya kurudi alitangulia na mwavuli wake, nami nilibaki nyuma kidogo, maana nilijua anamfikiria mdogo wake. Tulipofika aliingia jikoni, akaondoa birika kwenye jiko la chakula akaliweka peke yake kule nje, kwenye benchi la madereva. Kisha akaja uani akasimama chini ya kamba. "Nipe na mimi vyangu," akasema.

Basi pakawa na mashindano. Vibanio vyangu upande wa dirisha, vyake upande wa jiko. Tuliongeza kibanio kimoja cha mti kila mtu, hicho ndicho chai, na sheria ilikuwa hakikai karibu na rangi nyingine. Lazima kiachiwe nafasi ya kamba tupu. Siku za kwanza zilikuwa mateso, sitadanganya. Kichwa kiliniuma kwa kukosa kikombe cha asubuhi, na harufu ya iliki iliingia kupitia mbao za ukuta ikinibembeleza. Mama Shani aliteseka kuliko mimi. Nilimkuta mara moja amesimama juu ya birika anavuta mvuke tu, macho amefumba. "Sijanywa," akasema kabla sijamuuliza. Akaanza kulowanisha maharage tangu usiku, akajifunza kukamulia limau kwenye majani kabla ya kula. Hata wateja hakuwaacha. Dereva akiagiza wali maharage na chai, alimletea wali maharage. Chai ilikuja akishanawa mikono na kuzungumza habari zote za barabarani. "Bamayo, siku hizi chai yenu ina foleni kama mpaka," mmoja alilalamika. Mama Shani akamjibu, "Mpaka unausubiri wiki nzima husemi kitu, chai ya dakika chache ndiyo ikuue?" Walinuna, lakini hawakuhama. Nyuma ya pazia nilikuwa nacheka peke yangu, na nikagundua kwamba nimecheka nikiwa nafagia, na sijakaa chini.

Nimekaa miaka mingi na kumbukumbu hii, na bado napenda hapa kuliko pote. Watu husimulia ushindi wao kwa siku ya kombe. Mimi ushindi wangu ninaukumbuka kwa vitu vidogo vilivyorudi kimyakimya: ndoo ya maji niliyoinua bila kusimama njiani, kucha zilizoacha kukatika, ulimi ulioanza tena kusikia utamu wa chumvi ya kienyeji ya Ivuna kwenye chungwa bichi. Kwa mwezi uliofuata damu ilikuwa tisa na nusu. Uliofuata, kumi na kidogo, na Sista Anyesi akasema hajafurahi bado, nami nikamwambia hata mimi. Mimba ilipofika miezi minane tulikwenda wote wawili, mimi na Mama Shani na mwavuli wake. Sista akanitoboa. Kumi na moja na nukta mbili. Nilipiga kigelegele ndani ya zahanati mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia. Kisha akamtoboa Mama Shani, na hilo ndilo ambalo hadi leo ananitambia: kumi na mbili. "Umri na vumbi," akamwambia sista, akirudisha kidole chake kwa madaha. Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilikuwa nimeanza kabla yake.

Uchungu ulinishika asubuhi, katika ile miezi ya upepo mkavu, tukaenda kwa bajaji nikiwa nimeshikilia paja la Mama Shani mpaka likapata alama. Mtoto alitoka kabla ya adhuhuri, msichana, akilia kwa hasira kama bibi yake wa kupanga. Halafu damu ikaanza kutoka, na haikusimama pale inapotakiwa kusimama. Sitaeleza sana. Nakumbuka sauti ya Sista Anyesi ikibadilika, ikawa tulivu mno. Nakumbuka mkono wake tumboni mwangu ukikanda kwa nguvu, sindano pajani, mtu akiambiwa amwambie dereva wa gari la wagonjwa awashe. Nakumbuka Mama Shani mlangoni, amembeba mwanangu, midomo inacheza kwa dua, na uso wake ukiwa umekwenda kule kwa mdogo wake. Nilitaka kumwambia asiende huko. Nikasema, sijui kama kwa sauti, "Mama, mimi ninayo akiba." Niliogopa sana, lakini niliogopa nikiwa macho, kichwa wazi, na hilo sikulitegemea. Mkono wa sista uliendelea kukanda. Kisha ukapunguza. Kisha ukatulia. Akakaa kwenye kiti, akashusha pumzi, akamwambia yule wa gari azime. Baadaye alinitoboa kidole, akasoma, akanionyesha mwenyewe kama alivyomwonyesha Mama Shani. Ilikuwa imeshuka, ndiyo, lakini ilikuwa juu kuliko siku ile niliyokuja kwake mara ya kwanza nikiwa sijamwaga hata tone. "Haendi Mbeya huyu," akatangaza kwa zahanati nzima. "Anakwenda nyumbani."

Tulitoka kesho yake. Bajaji ilitufikisha karibu na mgahawa ikakwama, malori yamefunga barabara pande zote, na nikasema sisubiri, nateremka. Mama Shani alinigombeza, kisha akateremka yeye kwanza, akambeba mtoto, akafungua mwavuli akatangulia. "Pisheni! Mzazi anapita, pisheni!" Madereva wakatoa vichwa madirishani. Yule wa soksi alitutambua, akapiga honi, na wa nyuma yake akapiga, na wa nyuma yake, mpaka foleni nzima kuelekea mpakani ikawa inalia, nami katikati natembea polepole kwa miguu yangu mwenyewe, kichwa juu. Simu ikalia. Alikuwa Ezekia, amepata mtandao hatimaye sehemu fulani ng'ambo, sauti yake imekwisha kwa woga kwa sababu mtu alishamwambia nimetokwa damu.

"Uko wapi? Hizo kelele za nini? Tabitha, wamekuongezea chupa ngapi?"

"Hata tone," nikamwambia. "Nilikuwa nayo yangu."